Rispa wa Gibea na Wanankhucha wa Uzigua

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi kutoka Somalia walianza kuingia mkoani Tanga. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Januari 1991, na mapigano yalikuwa yameshafika kwenye mashamba ya bonde la Mto Juba. Tanzania iliwapokea wakimbizi hao na kuwapa hifadhi katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni. Wenyeji wa huko hawakuhitaji mkalimani. Wageni walikuwa wanazungumza Kizigua.

Hawakukiokota njiani. Walikipokea kwa mama na bibi zao, nao walikipokea kwa watu walioondoka nchi hii hii, kati ya Mto Pangani na Mto Wami, zaidi ya miaka 150 kabla. Huko Somalia waliitwa Wamushunguli, wakalimishwa, wakadharauliwa, lakini lugha haikufa. Pamoja nayo lilirudi jina la mwanamke ambaye, kwa masimulizi yao, aliwatoa wazee wao utumwani. Aliitwa Wanankhucha.

Waandishi wa kale wa Kiebrania na wa Kigiriki walipotaka kuonyesha jinsi damu iliyomwagika inavyodai malipo, mara nyingi walimweka mwanamke katikati ya habari: anayelinda maiti, anayemficha mtoto, anayepeleka mikate kwa jeshi lenye hasira, au anayeua. Historia ya Handeni na Korogwe katika karne ya 19 ina wanawake waliosimama mahali hapo hapo, mbele ya mambo yale yale: njaa, deni na vita. Ukizisoma habari hizi kwa pamoja, jambo moja linajitokeza wazi. Huruma ya wanawake hawa na kisasi chao vina chanzo kimoja. Vyote viwili vinazaliwa pale jamii inapomgeuza mwanamke na mtoto wake kuwa malipo ya deni ambalo wao hawakulikopa.

Njaa na rehani

Milima ya Usambara, inayoinuka juu ya Korogwe, hupata mvua nyingi. Nyika ya Handeni hupata chache, tena zisizotabirika. Msimu mmoja ukiharibika ghala hupungua. Miwili ikifuatana, ghala huwa tupu. Mwanahistoria James Giblin, ambaye kitabu chake cha 1992 kinachunguza mazingira na siasa za kaskazini mashariki mwa Tanzania kuanzia 1840 hadi 1940, alionyesha kwamba uhai wa watu wa Uzigua haukutegemea mawingu peke yake. Ulitegemea pia kuwapo kwa mkubwa mwenye nafaka, mifugo na bidhaa za biashara, ambaye familia yenye njaa ingeweza kumkimbilia.

Kumkimbilia kulikuwa na gharama. Familia iliyokosa cha kubadilishana ilimtoa mtu. Msichana au mvulana aliwekwa rehani kwa mwenye chakula, akamfanyia kazi mpaka ndugu zake wapate cha kumkombolea. Wasipopata, aliyewekwa rehani aliweza kubaki huko maisha yake yote, au kuuzwa.

Wazigua, kama majirani zao Wanguu na Waluguru, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu yake. Hapo ndipo mwanamke wa rehani, au wa kununuliwa, alipopata thamani ya pekee machoni pa mkubwa aliyemchukua. Wajomba wa kuwadai watoto wake walikuwa mbali, au walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa. Alichokizaa kilibaki katika nyumba ile.

Miaka ya 1830 mpango huu ulizidiwa. Mvua zilikosa kwa miaka mfululizo na watu wengi walikufa. Wakati huo Sultani Sayyid Said alikuwa anaifanya Unguja kuwa makao yake, mashamba ya karafuu yalikuwa yanapanuka, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanatafuta watu. Masimulizi ya Wazigua wa Juba yanaeleza kwamba wazee wao walikubali kupanda majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula katika nchi ya mbali. Waliposhushwa kwenye pwani ya kusini ya Somalia, waliuzwa. Wengi waliishia kulima mashamba ya watu kandokando ya Mto Shabelle.

Mama juu ya mwamba

Sura ya 21 ya kitabu cha pili cha Samweli nayo inaanza na njaa. Ni mwaka wa tatu, na mfalme Daudi anaambiwa kwamba chanzo ni damu: Sauli, aliyetawala kabla yake, aliwaua Wagibeoni waliokuwa wameapiwa usalama. Daudi anawauliza Wagibeoni wanataka nini. Wanakataa fedha na dhahabu. Wanataka wanaume saba wa nyumba ya Sauli. Daudi anawatoa, na wawili kati yao ni wana wa Rispa binti Aya, aliyekuwa suria wa Sauli. Wote saba wanauawa mlimani katika siku za kwanza za mavuno ya shayiri, na miili yao inaachwa wazi.

Rispa hana mume wala jeshi, na aliyewatoa wanawe ndiye mfalme wa nchi. Anachukua nguo ya gunia, anaitandika juu ya mwamba, anakaa. Mchana anafukuza ndege. Usiku anafukuza wanyama wa mwituni. Anafanya hivyo tangu mavuno mpaka mvua inaponyesha juu ya maiti zile, na Biblia haimpi hata neno moja la kusema. Habari zake zinamfikia Daudi. Mfalme anakwenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-Gileadi, mifupa ya wale saba inakusanywa, na maziko yanafanyika katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli.

Mwandishi wa habari hii amepanga mambo yake kwa makini. Mungu anasikia maombi kwa ajili ya nchi baada ya maziko. Mwandishi hasemi hivyo baada ya mauaji. Watu saba waliolipwa kama fidia hawakuitosha nchi. Ilibidi mfalme ajifunze kwa mwanamke aliyekaa na maiti kwamba wale saba walikuwa watu, na walikuwa wa mtu.

Huko Athens, karibu mwaka 441 KK, Sophocles aliweka jukwaani jambo linalokaribiana na hili. Mfalme Creon ameamuru kwamba Polynices, aliyeushambulia mji wake mwenyewe, asizikwe. Dada yake, Antigone, anamwagia maiti udongo na kumfanyia ibada, anakamatwa, na anasema waziwazi kwamba sheria ya miungu kuhusu wafu ina umri mkubwa kuliko amri ya Creon. Anafungiwa akiwa hai katika pango la mwamba, na humo anajinyonga. Baadaye Creon anampoteza mwanawe na mkewe kwa sababu ya hukumu hiyo. Rispa alinyamaza na mfalme akasikia. Antigone alisema na mfalme akachelewa.

Kitabu hicho cha pili cha Samweli kina mwanamke mwingine ambaye hoja yake ingeeleweka mara moja kwenye baraza la wazee wa Kizigua. Katika sura ya 14, mwanamke mwenye akili kutoka Tekoa anakwenda kwa Daudi akiwa amevaa nguo za matanga. Anamwambia kwamba alikuwa na wana wawili, waligombana shambani, mmoja akamwua mwenziwe, na sasa ukoo mzima unataka aliyebaki auawe. Habari hiyo ni ya kutunga, aliyoelekezwa na jemadari Yoabu ili kumlainisha mfalme kuhusu mwanawe Absalomu, lakini hesabu yake ni ya kweli. Kisasi kikikamilika, nyumba haitakuwa na mtu wala jina. Mwanamke huyu hakatai kwamba damu ina haki. Anauliza tu nani atabaki haki hiyo ikishatimizwa yote.

Mazinde na Kiva

Swali hilo lilikuwa na uzito mkubwa karibu na Korogwe katika miaka ya 1860. Kimweri ye Nyumbai, aliyeitawala Usambara kutoka Vugha na ambaye mmishonari Johann Ludwig Krapf alimtembelea 1848 na 1852, alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vugha. Lakini mwana wa Kimweri, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, chini tambarare, katika wilaya ambayo leo ni ya Korogwe. Misafara ya Pangani ilipita mlangoni kwake. Semboja alipata bunduki na wafuasi, akampiga vita Shekulwavu, mtoto wa ndugu yake, na Shekulwavu akafa mwaka 1868. Ndipo Wabondei wakainuka dhidi ya watawala wa Kilindi, ukoo wa Kimweri, katika maasi yanayojulikana kwa jina la Kiva. Wakilindi wengi waliokuwa Bonde, nchi ya Wabondei, waliuawa, na wengine wakauzwa.

Steven Feierman, katika historia yake ya ufalme wa Wasambaa iliyotoka 1974, anaeleza jinsi biashara ya watumwa ilivyouharibu utawala huo kutoka ndani. Zamani mtu aliyepatikana na kosa alilipa faini kwa mbuzi au ng'ombe. Bunduki na baruti zilipokuwa lazima kwa kila mkubwa, na pwani ikawa inalipa vizuri kwa watu, faini na mateka viliingia katika soko moja. Familia iliyoshindwa kulipa ilinyang'anywa mwanamke au mtoto. Kandokando ya Mto Pangani, ambao watu wa Korogwe wanauita Ruvu, wasafiri wa karne hiyo walikuta vijiji vimejengwa kwenye visiwa vya mto ili maji yawe boma.

Katika vita vya namna hiyo wanawake hawakuwa watazamaji, wala hawakuwa wote upande mmoja. Shairi la kale sana katika Biblia, wimbo wa Debora kwenye sura ya 5 ya Waamuzi, linaliona hilo kwa ukali. Yaeli mkewe Heberi anampa maziwa jemadari Sisera anayekimbia vita, kisha anamwua kwa kigingi cha hema. Papo hapo shairi linahamia kwenye nyumba ya Sisera, ambako mama yake anachungulia dirishani akijiuliza kwa nini gari la mwanawe limechelewa. Wanawake wenye hekima walio pamoja naye wanamtuliza, naye anajituliza mwenyewe: bila shaka wanaume bado wanagawana mateka, msichana mmoja au wawili kwa kila askari. Mama huyu anastahili kuhurumiwa, na katika huruma ya kumngoja mwanawe amewakubali watoto wa mama wengine kuwa fungu la nyara. Katika nchi ya Mazinde na Pangani zilikuwapo nyumba ambamo mama alilala kwa amani kwa sababu aliyeuzwa alikuwa mtoto wa mwingine. Historia ya wanawake wa huku haitakuwa ya kweli ikiwaacha hao nje.

Euripides alikwenda mbali zaidi ya Debora. Katika tamthilia ya Hecuba, iliyochezwa karibu mwaka 424 KK, malkia wa Troy amekuwa mtumwa. Mumewe ameuawa, mji umeteketea. Wagiriki wanamchukua binti yake Polyxena na kumchinja juu ya kaburi la Achilles. Hecuba anavumilia. Kisha bahari inaleta maiti ya mwanawe wa mwisho, Polydorus, aliyekuwa amepelekwa kwa mfalme Polymestor wa Thrace ili ahifadhiwe, na aliyeuawa na mwenyeji huyo kwa ajili ya dhahabu. Hapo malkia mtumwa anamwomba haki Agamemnon, mshindi wake. Agamemnon anamwonea huruma lakini anaogopa maneno ya jeshi. Hecuba anamvuta Polymestor ndani ya hema, na yeye pamoja na wanawake wenzake watumwa wanawaua wana wake wawili na kumpofua macho.

Tamthilia haimsifu. Inatabiriwa kwamba atageuka mbwa jike mwenye macho ya moto. Lakini Euripides amehakikisha mtazamaji ameona milango yote ikifungwa mmoja mmoja kabla ya kisu kutolewa. Wanaume wa Athens waliomtazama walipata baadaye sababu ya kutotulia. Mwaka 416 KK jeshi lao lenyewe lilikiteka kisiwa cha Melos, likawaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto. Majira ya kuchipua yaliyofuata, mwaka 415 KK, Euripides aliwarudisha tena jukwaani wanawake wa Troy wakingoja kugawanywa kwa mabwana.

Aliyeongoza kuondoka

Wazigua waliouzwa Somalia walikuwa na kila sababu ya Hecuba. Walidanganywa kwa ahadi ya chakula, wakatenganishwa na koo zao, wakawatumikia watu waliowanunua. Masimulizi yao yanakumbuka uamuzi wa namna nyingine. Walipanga kutoroka kwa pamoja, na nia yao ilikuwa kurudi Uzigua. Aliyewaongoza alikuwa Wanankhucha, mwanamke mwenye uwezo wa kuona yaliyofichika, ambaye neno lake lilifuatwa. Walishuka kusini kuelekea Mto Juba. Walipofika sehemu za chini za bonde, ardhi ilitetemeka. Wanankhucha alilisoma tetemeko hilo kuwa ishara, akasema safari ikome hapo.

Ilikuwa nchi ya msitu mnene, inayoitwa Gosha. Mbung'o wake waliwazuia wafugaji kukaa humo na ng'ombe, na udongo wa mto ulizaa mahindi. Watoro wa kwanza kutoka Shabelle walikuwa wameanza kukaa kwenye bonde hilo katika miaka ya 1840. Baadaye walifuata wengine, Wayao, Wamakua, Wanyasa na Wangindo, na Gosha ikawa nchi ya watu waliojikomboa wenyewe. Baadaye alitokea kiongozi mwenye nguvu, Nassib Bundo, mwenye asili ya Kiyao, ambaye jina lake limo katika habari za watawala wa Ulaya waliofika huko.

Mtu asiipake hadithi hii rangi ya upole usiokuwapo. Watu wa Gosha walipata bunduki na kupigana na wafugaji na wawindaji waliowazunguka. Bila hivyo wangerudishwa utumwani. Lakini tendo ambalo kumbukumbu yao imelipa jina la mwanamke ni lile la kuwatoa watu na kuwatuliza mahali wanapoweza kula. Katika maandiko ya Kiebrania wenziwe ni Miriamu, nabii aliyevuka bahari pamoja na watu waliotoka utumwani, na Debora, nabii aliyeketi chini ya mtende akiwaamulia watu. Katika tamthilia za Kigiriki mwanamke mwenye macho ya kinabii, Cassandra, haaminiwi na mtu, na anakufa akiwa mateka katika nyumba ya Agamemnon. Wanankhucha aliaminiwa, na waliomwamini waliacha wajukuu.

Mwanaanthropolojia Francesca Declich, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa watu wa Juba na kuchapisha makala muhimu mwaka 1995, alionyesha kwamba wanaume na wanawake wa huko hawasimulii historia yao kwa namna moja. Tambiko za mviko, zilizorithiwa kwa upande wa mama, zilisaidia kutunza kumbukumbu za koo. Bila bibi waliotunza majina ya upande wa mama, kabila hili lingefika Mkuyu likiwa na uchovu tu.

Mtoto ambaye hakuuawa

Huruma haikuwa jambo jepesi hata nyumbani. Katika Uzigua, Usambara na Bonde, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego. Iliaminika kwamba atawaletea ndugu zake vifo, na desturi ilitaka auawe. Mzazi aliyemficha mtoto wa namna hiyo alifanya kosa dhidi ya ukoo mzima. Mama aliyeona jino likitokea juu alilazimika kuchagua kati ya mtoto wake na watu wake.

Habari maarufu kuliko zote za nchi hii inaanza na wazazi waliokataa. Mbegha, mwindaji kutoka milima ya Unguu, sehemu ambayo leo imo katika wilaya ya Kilindi iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, alikuwa kigego aliyeachwa hai. Wazazi wake walipofariki ndugu zake walimnyima urithi na kumfukuza. Akaenda na mbwa wake na silaha zake, akawagawia watu nyama popote alipofika, na hatimaye Wasambaa wakamfanya mfalme Vugha katika karne ya 18. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliiandika habari hiyo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na wamishonari wa UMCA kwa sehemu, kuanzia miaka ya 1890.

Kitabu cha Kutoka kina mtoto wa namna hiyo. Farao ameamuru wavulana wa Kiebrania wauawe. Wakunga Shifra na Pua wanakataa kutii, Yokebedi anamweka mwanawe, Musa, katika kisafina cha mafunjo, dada wa mtoto anasimama mbali kumwangalia, na binti Farao mwenyewe anamwokota mtoni na kumlea. Wanawake watano, wa mataifa mawili, wanaivunja amri ya kifalme bila kugusa silaha. Kwa Sophocles mambo ni mazito zaidi. Jocasta anamtoa mtoto wake mchanga akauawe. Mchungaji anamwonea huruma na kumpa mwingine amlee. Na huruma hiyo inamfikisha Oedipus kwenye kumwua baba na kumwoa mama. Msomaji wa Kiswahili ameweza kuipata tamthilia hiyo tangu 1971, ilipotoka tafsiri ya S. S. Mushi, Mfalme Edipode.

Hadithi ya Mbegha inasimama karibu na Musa, kwa kuwa mtoto aliyehurumiwa akawa baraka. Lakini historia iliendelea. Ufalme ulioanzishwa na mtoto aliyeponea chupuchupu ndio ambao, vizazi vichache baadaye, wakubwa wake waliwauza watoto wa raia Mazinde.

Mikate ya Abigaili

Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, kazi iliyoanzwa na Askofu Edward Steere wa UMCA. Misheni hiyo ilikuwa Magila, huko Bonde, kwa muda mrefu na ilikuwa inaenea hadi Korogwe. Kwa hiyo Rispa, Yokebedi na mwanamke wa Tekoa walianza kusomeka katika bonde la Ruvu katika miaka ile ile ambayo njaa ilirudi kwa nguvu: nzige na ukame wa 1894 hadi 1896, kisha njaa ya 1898 hadi 1900. Utawala wa Wajerumani ulikuwa umewanyang'anya wakubwa wa Uzigua biashara na mamlaka yao, na Giblin anaonyesha kwamba pamoja na hayo ilipotea pia akiba iliyokuwa kimbilio la wanyonge. Rehani ilikuwa ya kikatili. Kuondoka kwake bila kitu kingine mahali pake kuliua watu.

Katika sura ya 25 ya Samweli wa kwanza, Daudi anakwenda na watu 400 kuiangamiza nyumba ya Nabali, tajiri aliyewanyima chakula. Abigaili, mkewe Nabali, anapakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotayarishwa, bisi, zabibu na tini, anateremka kumkuta njiani, na anamweleza kwamba damu atakayoimwaga leo itamkaa moyoni siku akiwa mfalme. Daudi anarudi. Waandishi wa kale walijua kwamba kisasi huzuiwa na mtu mwenye chakula mkononi na hoja kinywani. Aeschylus alikuwa amelifikia jambo la karibu na hilo huko Athens mwaka 458 KK, pale miungu wa kike wa kisasi, waliokuwa wakimfukuza Orestes kwa damu ya mama yake Clytemnestra, wanapozuiwa na Athena kwa ushawishi, wanapewa makao na heshima, na kesi za damu zinahamia mahakamani. Naye Clytemnestra alikuwa amemwua Agamemnon kwa sababu iliyotajwa wazi: mumewe huyo alimtoa binti yao Iphigenia kafara ili merikebu zipate upepo. Hapo tena mtoto alikuwa malipo ya safari ya wengine.

Kutoka Mkuyu hadi Chogo

Naomi alitoka Bethlehemu kwa njaa na kurudi baada ya miaka kumi hivi, na mji wote ukataharuki kumwona. Wazigua wa Juba walirudi baada ya vizazi. Katikati walipitia utumwa, kazi za kulazimishwa katika mashamba ya Waitaliano, na vita vya 1991 ambamo wenye bunduki waliwapora nafaka, wakawabaka wanawake na kuwaua wakulima. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya, na maelfu kati yao walihamia Marekani kuanzia 2003. Waliofika Handeni walihamishwa kutoka Mkuyu kwenda makazi ya Chogo, wakapewa ardhi ya kulima, na serikali ya Tanzania ikaanza kuwapa uraia. Ni miongoni mwa matendo ya heshima ambayo nchi hii imewahi kuyafanya kwa watu wake waliopotea.

Kazi moja imebaki, nayo iko ndani ya uwezo wa shule, vyuo na makanisa na misikiti ya wilaya hizi mbili. Wazee waliozaliwa Juba na wanaozikwa Handeni wanaondoka na masimulizi yao. Wanafunzi wa Korogwe na Handeni wafundishwe kuwauliza, hasa bibi, na kuandika wanayoyasikia kwa Kizigua na kwa Kiswahili: nani aliwekwa rehani, nani alimkomboa, nani alikataa, nani alilipiza. Walimu wanaomfundisha Antigone na wahubiri wanaomhubiri Rispa wamweke Wanankhucha katika somo lile lile, kwa jina lake.